Dawa za Waliokimbia

Bura, Fafi
4 Machi 1996

Abowe Siyad,

Assalamu alaikum warahmatullah. Msalimie Hooyo, mama yetu, lakini barua hii usimsomee. Mwambie tu kwamba nimeandika na kwamba mvua bado.

Ugbad anakohoa. Si kikohozi cha vumbi. Kilianza kabla ya Ramadhani, nikampa maziwa ya ngamia na samli ya moto, nikamwita sheikh akamsomea. Sasa akilala jasho linalowesha mkeka, na lile gauni alilovaa Idd linamning'inia kama limetundikwa mtini. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, nikimbeba sisikii uzito. Wewe hukuwepo Dubow alipokuwa anakwisha. Mimi nilikaa na mume wangu mpaka pumzi ya mwisho, abowe, na sauti ya kifua kile naijua. Ni hiyo hiyo.

Zahanati yetu imefungwa tangu muuguzi alipokimbia majambazi. Mlangoni kuna kufuli, na mbuzi wamepata kivuli cha kulala.

Kuna mwanamke anaitwa Sirad, mkimbizi wa Afmadow kule Somalia, ambaye huja hapa kununua samli akauze kambini Hagadera. Alimsikia Ugbad akikohoa, akanivuta kando. "Kule kwetu kuna wodi ya kifua," akasema. "Vidonge bure, sindano bure, maziwa bure. Mlete." Nikamwambia mimi ni Mkenya. Akacheka. "Basi huo ndio ugonjwa wako," akasema. "Sisi tunatibiwa kwa sababu tulikimbia. Ninyi mnakufa kwa sababu mko kwenu."

Wewe ni afisa wa afya. Unakaa meza moja na watu wa shirika linaloendesha wodi ile. Waambie wampokee mtoto mmoja tu.

Mdogo wako,
Hawo


Garissa
13 Machi 1996

Abaayo Hawo,

Wa alaikum salaam. Aden dereva aliniletea barua yako ofisini na nikaisoma nikiwa nimefunga mlango. Hooyo nimemwambia mvua bado.

Nakujibu kwanza kama afisa. Wodi ile ni ya wakimbizi. Iliombwa kwa jina lao na dawa zake zinaletwa kwa idadi yao. Watu wa Fafi wameniomba, watu wa Dadaab yenyewe wameniomba, na wote nimewaambia hapana. Nikimwingiza mtoto wa dada yangu, hao wengine nitawatazama kwa jicho gani? Tena usidhani wale wako rahani. Walikimbia risasi wakaacha hata viatu, na hawawezi kuja hapa mjini bila kibali. Ukiwa na dawa chache lazima uchague, na mimi naona ni haki kuanza na asiye na pengine pa kwenda. Tulipopitisha jambo hilo kwenye kamati yetu na shirika, nilinyoosha mkono kukubali.

Sasa nakujibu kama kaka. Mlete kwangu, mke wangu Zeinab atawapa chumba. Ila si leo. Dawa za kifua kikuu hazijafika kutoka Nairobi, tunaambiwa mwezi wa nne. Dawa hizi zikianzwa hazikatizwi, kwa hiyo ni heri angoje kuliko aanze halafu akose. Mlaze peke yake penye hewa. Asikohoe karibu na watoto wengine.

Vumilia kidogo.

Kaka yako,
Siyad


2 Mei 1996

Abowe Siyad,

Alhamdulillahi, Ugbad amepata nafuu. Homa imeshuka. Juzi alikula akaomba tena, nikatoka nje nikalia ili asinione.

Usitutayarishie chumba, na wala usije Bura, njia ni mbaya. Barua zako usiziache tena dukani kwa Mzee Ahmednoor. Mpe Aden mkononi, yeye anajua pa kunikuta.

Uliniambia nivumilie. Nilivumilia kiasi changu.

Hawo


Garissa
24 Mei 1996

Abaayo Hawo,

Habari ya Ugbad imetufurahisha mno. Hooyo amefunga siku moja ya shukrani. Lakini mimi nina wasiwasi. Ugonjwa huu hauondoki kwa samli. Dawa zimefika, maboksi machache, na waliokuwa wakingoja ni wengi. Mlete kabla hazijakwisha.

Na mbona hukuandika mahali ulipo juu ya barua? Tulifundishwa kuandika kwa Kiswahili, mimi na wewe, kwenye dawati moja. Kisomali tunakisema tu. Mwalimu alikuwa akitupiga kwa kusahau anwani, na wewe hukuwahi kupigwa hata siku moja.

Mimi nitasafiri mwezi ujao kwa kazi ndogo ya ofisi. Nikirudi nataka nikukute hapa.

Siyad


Hagadera
29 Juni 1996

Abowe,

Sasa naandika mahali nilipo, maana umepaona.

Kazi ndogo ya ofisi! Tulikuwa tumepangwa foleni tangu alfajiri, tumeambiwa watakagua nani ni mkimbizi kweli na nani ni mwenyeji aliyejipenyeza. Watu wakanong'ona kwamba wameleta mtu wa Garissa anayewajua watu wa Fafi kwa sura na kwa ukoo. Sikujua ni wewe mpaka foleni ilipokunja kona, nikaona mkono wako juu ya meza. Nyuma hapakutokeka.

Nilikuja hapa mwezi wa tatu, barua yako ikiwa bado mpya mfukoni. Nunow jirani yangu alitubeba kwa mkokoteni wake wa punda, hakutaka hata chai. Sirad akaniandikisha kama dada yake aliyechelewa kutoka Afmadow. Alinifundisha majina ya visima, jina la soko, jina la msikiti. Ugbad alianza vidonge, akapona mbele ya macho yangu. Baadaye Nunow akaona, akamleta na Ayan wake, maana wale wasichana walichunga mbuzi pamoja na sasa kifua cha Ayan kilikuwa kimeanza.

Nilikuwa nimemwambia Ugbad, "Hapa humjui mtu yeyote. Hata ukimwona nani." Sikufikiri kwamba huyo nani atakuwa wewe.

Ukamuuliza, "Jina lako?"

"Ugbad."

"Mmetoka wapi?"

"Afmadow."

"Mlikuwa mkiteka maji wapi?"

Akataja kisima. Yule mzungu aliyekaa kando yako akauliza kwa mkalimani, "Karibu na kisima kuna nini?" Hilo sikumfundisha.  Kisha akakutazama machoni, akasema, "Adeer, kuna ng'ombe."

Mzungu akacheka. Wewe ukagonga muhuri.

Hakukuita abti, mjomba wake. Mtoto uliyempakata siku ya kupewa jina alikuita adeer, kama anavyomwita mwanamume yeyote wa njiani, na wewe ukaitika. 

Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwenye meza hiyo hiyo, ulimtoa Ayan binti Nunow. Nataka kujua ulifikiri nini.

Hawo


Garissa
7 Julai 1996

Hawo,

Sina la kujitetea, lakini umeuliza.

Nilipoitwa kufanya kazi ile nilikubali upesi. Nilidhani nitawatoa wafanyabiashara wa mjini wanaochukua ngano ya wakimbizi wakaipakia kwenye malori. Wapo, niliwatoa, na hao siwajutii. Sikukuambia kwa sababu niliambiwa nisimwambie mtu.

Kisha akaja Nunow amemshika Ayan mkono. Akatabasamu aliponiona. Alidhani Mungu amemletea mtu wake. Akaniambia, "Siyad, wewe unanijua." Mzungu akamgeukia mkalimani, mkalimani akatafsiri, na wote wakanitazama. Nikasema, "Ndiyo, namjua." Basi. Maneno hayo peke yake ndiyo yaliyomtoa mtoto wake. Sikuhitaji kusema kingine. Alikaa pale mbele yangu akiwa bado anatabasamu mpaka alipotafsiriwa uamuzi.

Jua lilipogeuka nikawaona ninyi. Niliwaona kabla hamjafika. Nilikuwa na nafasi ya kuinuka na kusema naumwa. Niliifikiria. Nikakaa.

Nilijiambia kwamba mimi nachuja kwa haki, kila mtu kwa kipimo kimoja. Kipimo kilidumu kutoka asubuhi mpaka adhuhuri.

Sasa nisikilize. Usitoke huko. Ugbad amalize dawa zake zote, hata akinenepa, hata akicheza. Kuja Garissa hakufai, maana dawa zilizofika Mei zimekwisha kwa waliozianza. Ayan nimejaribu kumwombea arudishwe. Nimejibiwa kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyethibitisha kuwa si mkimbizi. Nikibishana zaidi wataanza kuuliza ni wangapi wengine ninaowajua.

Siyad


Hagadera
30 Julai 1996

Abowe,

Nilikuwa nimeapa nisikuandikie tena. Lakini hapa sina mwingine wa kumwambia.

Maisha yangu ni haya. Kadi inasema mimi ni dada yake Sirad, mtu wa Afmadow, na mtu wa Afmadow hatoki kambini bila kibali. Nikikutwa barabarani nikasema mimi ni mkimbizi, narudishwa. Nikisema ni Mkenya, polisi ataomba kitambulisho, nami changu nilikifukia Bura ndani ya kopo la maziwa nisije nikakutwa nacho. Mbuzi wangu niliwaachia watu, sijui kama wapo. Kila asubuhi naona wenyeji wamekaa nje ya ua wanatamani kuingia. Mimi niliye ndani natamani kutoka. Ua ni ule ule wa miiba.

Nunow na mkewe Fadumo hawakurudi Bura. Wamejenga kibanda cha matawi huko nje, upande wa machimbo ya mchanga, wakitumaini mtu atabadilisha neno. Fadumo huja tukaongea kwenye ua. Siku ya kwanza nilijiandaa kutukanwa. Ningefurahi anitukane. Alisema tu, "Hawo, mkokoteni wetu ndio uliokuleta." Halafu akaniuliza kama vidonge vina uchungu.

Usiwe na hofu juu ya Ugbad. Hakohoi tena, mashavu yamerudi, anamshinda Sirad kwa kubishana. Wametutoa wodini. Siku hizi hatumezi tena mbele ya muuguzi, tunapewa vidonge vya mwezi tunakwenda navyo kibandani.

Nafanya ninachoweza kwa kila mtu.

Hawo


Garissa
8 Agosti 1996

Hawo,

Aden anaondoka sasa hivi, kwa hiyo naandika haraka.

"Nafanya ninachoweza kwa kila mtu." Kwa nani, Hawo? Umekusudia nini?

Kama ni ninachofikiri, nakuomba kwa maziwa ya Hooyo tuliyonyonya, acha leo. Vidonge vile ukivigawa haviponyi watoto wawili. Ni sawa na kumpiga nyoka mkiani. Ugonjwa unajificha, unaizoea dawa, halafu unarudi na dawa ile haiuwezi tena. Mtoto akionekana mzima ndipo hatari ilipo. Asikose hata kidonge kimoja.

Najua unachoniuliza moyoni. Unaniuliza, na Ayan je?  Lakini hili si jibu.

Nijibu kwa lori hili hili.

Siyad


Hagadera
17 Oktoba 1996

Abowe,

Barua yako ya Agosti imenifikia juzi. Lori lilishambuliwa njiani, Aden akapigwa risasi ya mguu, na mizigo ikakaa kituo cha polisi hadi msafara ulipopangwa upya. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kisha nimekaa chini.

Niligawa.

Ilianza siku ya pili baada ya kupewa vidonge vya nyumbani. Fadumo alikuja na Ayan mgongoni, msichana mkubwa wa kimo cha mama yake, amebebwa kama mtoto mchanga. Hakuniomba. Wallahi hakuniomba. Alikaa upande wake wa ua, mimi upande wangu. Ugbad ndiye aliyesema, "Hooyo, mimi sikohoi. Mpe vyangu." Nikamwambia vyako ni vyako. Akasema, "Tulikunywa maziwa ya mbuzi mmoja. Mimi ndiye niliyemwambukiza."

Ungekuwepo ungesema nini? Ungesema maneno ya barua yako, na yangekuwa ya kweli. Lakini hukuwepo, na barua yako ilikuwa imelala polisi. Mimi niliona mmoja amepona na mwingine anakufa, na dawa iko mkononi mwangu. Nikasema leo huyu, kesho yule. Nikapitisha mkono katikati ya miiba. Ayan alipata nguvu, akasimama, akacheka. Nilijisifu, abowe. Nilijiambia, shirika limeshindwa kugawa, mimi mwanamke wa Bura nimeweza.

Sasa wanakohoa wote wawili. Makohozi ya Ugbad yana nyuzi za damu. Ayan hanyanyuki. Na Nunow naye ameanza, Fadumo anasema ni vumbi la mchanga, lakini mimi sauti ile naijua.

Wodini sijakwenda. Muuguzi ataniuliza vidonge vilikwenda wapi. Nikimwambia ukweli, atajua Ayan ni nani, na akijua Ayan ni nani atajua mimi ni nani. Tutatolewa. Nikimficha, atampa Ugbad vidonge vile vile ambavyo unasema havina nguvu tena. Nimekaa kibandani nageuza jambo hili huku na huku, na kila upande nikigusa nakuta ukuta.

Wewe ndiye uliyesoma. Niambie.

Hawo


Garissa
15 Novemba 1996

Abaayo Hawo,

Kufikia sasa utakuwa umejua, maana niliomba watu wa wodi waje kuwachukua upesi. Lakini ni haki yako usikie kwangu.

Daktari wa kambi alikuwa hapa mjini kwa mkutano. Nilimfuata mpaka alipokuwa anakunywa chai. Ni mama mmoja wa Machakos, mkali, hapendi maneno mengi. Nikamwambia yote: kwamba wewe ni dada yangu, kwamba niligonga muhuri nikijua, kwamba vidonge viligawanywa na kwa nini. Nilingoja aniite mwongo.

Akaniuliza, "Watu wangapi wanalala karibu na hao watoto?"

Nikamwambia, ndani ya ua, kibanda kizima cha Sirad.

"Na nje?"

"Nje hatuhesabu," nikasema.

Akaisukuma chai.  "Kwa hiyo tumekuwa tukitibu upande mmoja wa ua," akasema, "na tunashangaa kwa nini hawaishi kuugua." Ndipo akaniita mwongo, na mengine ambayo sitayaandika.

Kamati imekaa. Kuanzia wiki hii wodi ya kifua itampokea kila mwenye ugonjwa huo, mkimbizi au mwenyeji, bila kuulizwa kisima cha kwao. Ayan ataingia. Nunow ataingia. Wewe na Ugbad mtaingia kwa majina yenu na kwa kijiji chenu, ingawa kadi ya Afmadow lazima uirudishe.

Moyo wangu ulipanda, mpaka niliposikia sababu waliyoitoa: ni kwa ajili ya kuwalinda wakimbizi. Haikusemwa kwamba mtoto wa Bura naye ana kifua. Nikainua mkono nikasema, basi tufungue pia kwa watoto wanaoharisha na waliodhoofika, maana ukame umeingia na huku nje wanakwisha. Mjumbe mmoja akanijibu taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Siyad, njaa haiambukizi."

Hicho kilikuwa kikao changu cha mwisho. Nimeondolewa katika kamati na nahamishiwa Takaba, mbali huko Mandera. Wangeweza kunifukuza kazi. Zeinab na Hooyo wanabaki hapa. Hooyo nimemsomea barua zako zote, hata ile uliyonikataza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mmoja alidanganya ili mtoto apone, mwingine alisema kweli mtoto akafukuzwa. Niliwalea vibaya au dunia ndiyo mbaya?"  Akaomba maji ya kutawadha.

Hawo, sindano za awamu hii ni kali. Usimwache akose hata moja.

Kaka yako,
Siyad


Hagadera, wodi ya kifua
22 Januari 1997

Abowe Siyad,

Aden, ambaye sasa anaendesha huku anachechemea, ameniambia barua za Takaba huenda na malori ya mifugo. Sijui hii utaisoma lini. Ramadhan karim, popote itakapokukuta.

Tuko hai wote. Nakuambia hilo kwanza. Ugbad amemaliza sindano, sasa ni vidonge, na muuguzi anatazama mpaka ndani ya mashavu kama vimemezwa. Masikio yake yanavuma tangu sindano zilipoanza. Lazima umsemeshe kwa sauti, na wakati mwingine anajibu jambo ambalo hukumuuliza. Daktari anasema huenda ikaondoka, huenda isiondoke. Ayan anatembea hadi mlangoni na kurudi. Pafu lake moja limeharibika, hatachunga tena mbuzi. Nunow yuko upande wa wanaume.

Sirad naye alipimwa. Anao. Kitanda chake kinafuatana na cha Ugbad. Siku aliyoletwa niliona haya hata kumtazama. Akajilaza, akajifunika, akasema, "Mimi nilimkaribisha mgeni mmoja, kumbe amekuja na mwenzake." Nikalia. Akasema, "Acha kelele, wagonjwa wamelala." Mpaka leo hajaniambia neno jingine juu ya jambo hilo, na chakula bado tunakula sahani moja.

Mimi siumwi. Kadi yangu ilikatwa kwa mkasi mbele yangu. Sasa si mkimbizi, na mwenyeji niliyekuwa siwi tena, maana Bura hakuna kitu. Mtu alipita akaniambia mbuzi wamekwisha wote na watu wamehamia mtoni. Hapa nimeandikwa mama wa mgonjwa. Nakula kwa sababu Ugbad ana kifua. Siku atakapopona tutatoka, na sijui tutatoka kwenda wapi. Kuna asubuhi najikuta nasikiliza kikohozi chake, kinapungua, na kabla sijashukuru naogopa. Mama gani huogopa hivyo? Lakini naogopa.

Nataka nikuambie la jana, kisha nimalize.

Ua wa wodi yetu uko karibu na lango. Wenyeji wamejazana pale tangu ukame uzidi, wengi wametembea kutoka mbali. Mlinzi anawauliza swali moja tu: "Kifua?" Anayesema ndiyo, na akakohoa, anapelekwa kupimwa. Anayesema hapana anaambiwa arudi alikotoka.

Alikuja mwanamke mmoja na mtoto wa kiume mgongoni. Kwa sura ni mtu wa kwetu, wa Fafi, simjui jina. Mtoto ana miaka kama minne, tumbo limejaa, miguu kama vijiti vya kukokea moto, nywele zimegeuka rangi. Ukimtazama tu unajua ni njaa na kuharisha. Mlinzi akamuuliza, "Kifua?"

Akasema, "Hapana. Anaharisha. Hajala."

"Hapa ni kifua tu, mama."

Hakubishana. Akaondoka, akaenda kukaa kando ya miiba, karibu kabisa na niliposimama. Akamtua mtoto, akampangusa uso kwa kanga, akamwelekeza uso kwake. Akamwambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto dua:

"Kohoa."

Mtoto akamtazama.

"Kohoa, mwanangu. Hivi." Akakohoa yeye. "Tena. Kwa nguvu."

Abowe, unajua kilichomo humu ndani. Nimekiona kikimpata Sirad. Mtoto yule kifua chake ni kizima, na mwili wake hauna nguvu ya kupambana hata na nzi. Wakimleta kwenye chumba cha kungoja, akakaa na hawa wanaotema damu mpaka apimwe, atakipata kweli. Nikashika miiba kwa mikono miwili, nikamwita, "Dada! Usimfundishe! Usimlete humu, utamuua! Rudi, mwambie mlinzi ukweli!"

Akainua uso. Hakukasirika. Alinitazama kuanzia kichwani, akaona shuka la wodi nililojifunga, akaona bakuli la uji mkononi mwa Ugbad nyuma yangu.

"Wewe umo ndani," akasema.

Kisha akamgeukia mwanawe, naye mtoto akakohoa.

Hawo